Maswali Uliyowauliza Watu Kwenye Kilio cha Baba

Kwako Ilunga, uliyekuwa mchumba wangu,

Unakumbuka Jumapili zile kule Katuba, sisi wawili tukikata sabuni za mama kwa waya nyuma ya nyumba? Mama aliziita Tulizo. Baba alichonga muhuri wa mti wa kugongea jina hilo. Ulinusa mikono yako ukaniambia, "Sasa miye niko bwana ya sabuni." Nilicheka. Nilikupenda kweli, na leo naona aibu hata kuliandika.

Kisha ukapata kazi ya kukusanya maoni ya wateja, ukavaa kadi shingoni, ukaacha kusema "watu" ukaanza kusema "bakonsomateri", yaani watumiaji wa bidhaa. Kampuni kubwa ikatoa sabuni yake kwa jina lilelile la Tulizo. Mama alipoishitaki, ulituambia wewe huna upande. Hukutuambia nani anakulipa.

Baba alipofariki ulikuja kwenye kilio na gari la kampuni hiyo, ukashusha makatoni ya Tulizo yao mbele ya wote. Tukakushukuru. Halafu ukapita kiti kwa kiti, mche wa sabuni mkononi: "Hii Tulizo inatokea wapi?" Wangejibu nini, nao wamekuona ukiishusha? "Ni ya kampani," wakasema. Ukamfikia mama, ameketi kwenye mkeka. Naye akajibu hivyohivyo, ukabonyeza simu yako kuhifadhi jibu. Huna haya hata kidogo.

Mahakamani wakili wao alijigamba kwamba wateja wa jiji wanaijua Tulizo kuwa ya kampuni, na kwamba hata mshitaki mwenyewe amekiri. Jaji akamuuliza mama kama ni kweli. Akasimama na kitambaa chake cheusi.

"Ni kweli, bwana juge. Muntu akikuletea kitu ku kilio, haumubishie. Na huyu nilimujibu sababu iko mutoto wangu."

Jaji akataka kujua watu waliulizwa wapi. Wakili akapekua makaratasi, akakiri: wote kwenye kilio cha baba. Uchunguzi wako wote ukatupwa. Na unajiita mtaalamu! Mwizi wa kuku angalau husubiri wenye nyumba walale.

Jina limebaki letu, lakini usidhani hilo linakusafisha. Siku hizi mtu akija kumpa mama pole, mama hamtazami usoni kwanza. Anatazama alichoshika.

Kaa hukohuko uliko, na usitutumie salamu.

Aliyekuwa mchumba wako