Ngao ya Makombora na Mtu wa Ng'ambo

Jumatatu, 7 Aprili

Alfajiri ufukweni Ujiji na mama, kuanika dagaa. Kisha shule, Gungu, kufundisha uraia. Miguu inawaka moto.

Kamati ya mdahalo imethibitisha. Jumamosi, ukumbini Mwanga. Hoja: taifa linunue mitambo ya kuzuia makombora kabla ya jambo lingine lolote. Mimi napinga. Anayeunga mkono ni Afande Ramadhani, mstaafu wa jeshi, aliyekula ujana wake kwenye mitambo ya kutungua ndege. Kamati haijui kwamba Afande ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwenyekiti ni mgeni mjini, na mimi natumia jina la marehemu mume wangu. Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Anasema atakuja kutazama wanawe wakiraruana bila kiingilio.

Jumanne, 8 Aprili

Ramadhani kaja kunywa chai. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Anasema siku hizi hata kikundi cha msituni kina ndege zisizo na rubani. Anasema milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, tunaiona kwa macho, na kule mizinga haijapumzika. "Dada, ukishausikia mlio, umechelewa."

Nami nikamwambia: kombora la kuzuia ni ghali kuliko hilo linalozuiwa. Adui atatupa ya bei chee mengi, wewe utamaliza yako, utabaki unatazama juu. Na vipuri utamwomba aliyekuuzia. Akikununia, ngao yako ni chuma chakavu. Halafu ngao yenyewe itakaa kwa wakubwa, haitafika Ujiji.

Hilo la mwisho nimeliweka akiba.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imetushtukiza tukiwa ufukweni. Hapa kuna desturi ambayo hata mtoto anaijua. Mvua ikija, unakusanya dagaa walio karibu na miguu yako. Huulizi wa nani. Fagio, beseni, turubai. Kugawana ni baadaye, jua likirudi.

Ramadhani alikuwa ametuletea chapati. Mvua ilipopiga, akaruka dagaa wa Mama Odetha, akaruka wa wengine wawili, akakimbilia wa mama. Mama Odetha, jirani yetu kutoka Simbo, alimpigia kelele ufukwe mzima ukasikia. "Weye! Unaruka dagaa wa watu kama unaruka matope? Kambi imekuharibu!" Afande mzima kainama kama mtoto. Dagaa wa Mama Odetha wamelowa. Nimeona aibu kwa niaba yake. Nimecheka pia, sikatai.

Alhamisi, 10 Aprili

Nina hasira.

Mwenyekiti kaniita ofisini kwake Mwanga. Soda, kiti kizuri, sauti ya upole. Amesikia familia yetu ina asili ya Kongo. Yeye binafsi hana tatizo, anasema. Lakini hii ni mada ya ulinzi wa nchi, na watu watauliza mtu wa ng'ambo anatafuta nini humo. Heri nipumzike. Akanipigia na methali: mvunja nchi ni mwananchi. Nikamwambia basi aondoe shaka, kwa hesabu yake mimi si mwananchi, siwezi kuivunja.

Hakucheka. Akasema wanaye Afande Ramadhani, mtoto wa hapa hapa, mzalendo wa kuzaliwa. Hapo nusura soda initoke puani. Lakini sikusema. Ramadhani hajawahi kutaja jeshini kwamba babu alivuka ziwa. Jambo hilo ni lake, si langu kulitangaza.

Nimezaliwa Ujiji. Mama kazaliwa Ujiji. Nafundisha watoto wa wilaya hii haki zao kila siku ya Mungu. Sipumziki.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemweleza Ramadhani. Kakwangua meza kwa ukucha. Kisha akasema, "Dada, usinitaje."

Limeniuma kuliko la mwenyekiti. Yule simjui. Huyu nimembeba mgongoni.

Nikamjibu simtaji, ila kesho nakwenda. Kama kuna wa kunitoa, anibebe na kiti. Mama alikuwa anachambua mchele. Kasema babu yenu kazikwa hapa, na mifupa haivuki ziwa kurudi. Ramadhani kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilivaa gauni langu la kijani na nikakaa mstari wa mbele. Ukumbi umejaa. Mwenyekiti akatangaza kwamba msemaji wa upande wa kupinga amepata udhuru.

Nikasimama. Nikasema sina udhuru, nipo, na afya ninayo. Minong'ono. Akaniambia nikae. Sikukaa.

Ndipo Ramadhani alipoinuka jukwaani. "Kabla ya makombora," akasema. "Huyu ni dada yangu, tumbo moja. Babu yetu alivuka ziwa hili kwa mtumbwi. Nchi hii nimeilinda nikiwa mjukuu wake. Kama dada hafai kuisemea, na mimi sifai." Akashuka, akaja kusimama karibu nami.

Makofi yakaanzia nyuma, kwa akina mama wa dagaa. Mwenyekiti akafuta uso kwa leso. Akatuonyesha jukwaa kwa mkono. Tukapanda wote wawili.

Na mimi sikumhurumia mdogo wangu. Nilimpiga kwa bei, kwa vipuri, kwa ngao isiyofika Ujiji. Nikawaambia habari ya mvua ya Jumatano: mwenye ngao hulinda chake, akawaruka wengine. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Naye akanijibu kwamba mvua tunaikimbia kwa sababu mtu kaiona ikija, na macho hayo ndiyo anayotaka kununua. Akapigiwa makofi mengi kuliko mimi.

Wakapiga kura kwa mikono. Nimeshindwa, na si kidogo. Hata mama alinyoosha mkono upande wake. Nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, kwa jina langu. Nimefurahi mpaka naona haya.

Jumapili, 13 Aprili

Wingu lilitoka milima ya ng'ambo mapema. Ramadhani alikuwepo, suruali kaikunja magotini. Tone la kwanza lilipoanguka alikuwa karibu na dagaa wa Mama Odetha. Akawakusanya wote, akawafunika kwa turubai, akashikilia pembe mpaka mvua ikapita.

Dagaa wa mama yetu walilowa. Jua lilipotoka mama alimpa fagio, akaanza naye kuwatandaza upya.