Mfereji Uliofungwa Karambi

Jumatatu, 2 Juni
Nimefungua lango la mfereji alfajiri, kama kila siku. Mashamba ya juu mpaka saa sita, ya chini mpaka jioni. Mto umepungua. Ugomvi mmoja tu, wa vitunguu na kabichi. Nimeumaliza. Nilipostaafu jeshi walinipa kazi hii ya kugawa maji kwa sababu natoka Soroti, sina ukoo wa kupendelea hapa Karambi. Mke wangu Biira anao, ndiyo maana yeye hawezi kupewa.

Alhamisi, 5 Juni
Ofisa wa hifadhi amekuja na barua. Ameisomea kanisani, kwingine jua kali. Korongo lote la mto, kuanzia daraja la miti hadi maporomoko, sasa linalindwa. Wageni wanakuja kulitazama. Marufuku kukata mti, kuvua, kuchepusha maji. Mdomo wa mfereji wetu umo ndani, hatua mia hivi. Baba zao hawa watu waliuchimba kwa majembe. Ofisa anasema tuombe kibali Kasese. Kijana mstaarabu. Ningependa kumchukia, nimeshindwa.

Jumanne, 10 Juni
Kasese. Ofisi ya maji: maji yanatuhusu, mahali pale hapatuhusu, nenda hifadhi. Hifadhi: mahali panatuhusu, maji hayatuhusu, nenda ofisi ya maji. Nimevuka barabara ile mara nne. Kote nimekaribishwa kiti. Nimerudi na nakala ya barua yetu ya maombi, imegongwa muhuri. Basi.

Alhamisi, 12 Juni
Amri imefika: funga. Nimefunga. Mawe, udongo, magunia ya mchanga. Miaka kumi na tisa jeshini. Mkono unatii kabla kichwa hakijauliza.

Mama Kavira alisimama akinitazama. Alikimbia vita upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, na binti yake, analima kipande cha kukodi karibu na changu.

“Afande, vitunguu yangu iko inaomba wiki mbili tu. Wiki mbili, navuna.”

“Amri ni amri, mama.”

“Na ile maji, itaenda kufanya nini kule chini?”

Nikaweka gunia la mwisho. Nimejichukia.

Jumapili, 15 Juni
Mfereji umekauka. Watoto wameokota samaki kwenye tope. Majani ya vitunguu yamelala chini. Sikwenda kusali.

Jumanne, 17 Juni
Mama Kavira amepanda korongoni na jembe, akabomoa nilipoziba. Maji yameshuka kama saa nzima. Nilikuwa shambani nikayasikia yanakuja. Niandike ukweli: nilifurahi. Sikuuliza nani amefungua. Nikayaelekeza kwenye kabichi zangu, matuta yote.

Halafu askari wa hifadhi wakamshusha. Wawili mbele, mmoja nyuma. Jembe lake wamelibeba wao. Amepita karibu na shamba langu, mimi miguu imejaa matope.

Alhamisi, 19 Juni
Polisi, Bwera. Nilikwenda kumtetea. Nilipanga maneno njia nzima: mjane, mkimbizi, hana ndugu huku. Wameniuliza swali moja tu. Aliambiwa kuwa ni marufuku? Nikajibu ndiyo, nilimwambia mimi mwenyewe. Wakaandika. Wakanipa kalamu nitie sahihi.

Habari ya kabichi zangu hawakuuliza. Sikuwaambia.

Mama Kavira alikuwa amekaa sakafuni, amesikia yote. “Asante, afande. Umesema kweli.” Hakuwa na kejeli. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 25 Juni
Mahakama. Miezi miwili jela. Imekwisha kabla sijapata pa kukaa.

Jioni binti yake, Kahindo, alikuwa anang'oa vitunguu. Vidogo kama gololi. Nikamwambia nitamsaidia kubeba. Akasema hapana, mzee, si vizito.

Jumapili, 6 Julai
Kabichi zilidumu siku nane, kisha zikafa kama za wengine.

Biira alikwenda Karusandara kwa dada yake kuulizia shamba la kukodi. Amerudi leo. Wengi wameuliza kabla yake.

Magari mawili ya wageni yamepita kwenda korongoni. Mto wote unashuka sasa, hakuna anayeuchota. Maporomoko yanasikika mpaka uani kwetu. Zamani hayakusikika. Sauti nzuri, sikatai.

Biira amefunga dirisha. Tumekula.