Maji ya Kwanza Yamekwenda Shambani Kwako

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Najua umeninunia kwa ukimya wangu, lakini leo nivumilie. Nina habari za huku Suji ambazo huko Morogoro hazijakufikia.

Unakumbuka ule mkutano wa kampeni pale sokoni, ulipogombea udiwani? Mwenzako alituahidi bomba hadi mlangoni. Ukasimama wewe, kitenge kiunoni, ukasema, "Mimi bomba sina. Ila tunayo ndiva, bwawa la mababu zetu, limejaa tope. Nichagueni, Jumamosi tushike majembe." Lo! Watu walicheka mpaka machozi. Nani ampigie kura mtu anayemwahidi kazi? Jirani yako Mzee Mbonea akakubandika jina la Mama Tope, na watoto wakalidaka. Uliposhindwa, ulifunga nyumba ukaenda kwa mwanao. Ulipanda gari bila kugeuka nyuma, nami nikalia kama mtoto.

Bomba tunalisubiri mpaka leo. Msimu uliopita jua lilituunguzia maharage yote, ndipo watu wakaanza: "Yule mama alisema kweli." Eti sasa kila mtu alikupigia kura! Ukiwasikiliza utashangaa ulishindwaje.

Basi, bila diwani wala mgeni rasmi, tukaitana msaragambo, kazi ya wote kama zamani. Wanaume wakachimba, sisi tukabeba tope kwa karai. Wa kwanza kuzama mpaka magotini alikuwa Mzee Mbonea. Ndiva imejaa, shangazi! Nina furaha hata sijui niiseme vipi.

Kugawa zamu za maji kukaleta ubishi, si unatujua Wapare. Mzee Mbonea akasimama: "Maji ya kwanza yaende kwa Mama Tope." Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nikasema shamba lile ni magugu matupu. Kesho yake akaja na mkewe, wakalilima, wakapanda maharage.

Najua uliapa hurudi. Wala sikuombi ugombee tena. Siasa ina wenyewe. Ila maharage yameota, na mzee amekataa katakata mtu yeyote kuyapalilia. Anasema hiyo ni kazi ya mwenye shamba, na kwamba neno alilo nalo atakuambia hapohapo, mbele ya watu. Magugu nayo yameanza kuchomoza.

Njoo na jembe lako, shangazi.

Mtoto wa kaka yako anayekupenda,
Nakijwa