Vugo Bila Bibi Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kisauni, 18 Juni 1958

Jina: Johari binti Mwinyihaji. Umri: miaka 41. Kazi: kushona kofia. Makazi: Kisauni. Mjane.

Mnamo mwezi wa Machi mwaka huu, sisi wanawake tulimwendea karani wa kuandikisha wapiga kura, tukataka kuandikwa. Tulikwenda kwa salamu na adabu zote. Mara ya pili tukamrudia na wazee wetu. Akatucheka kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, akasema, "Mume akipiga kura, amepigia nyumba nzima." Mimi ni mjane. Nyumba yangu nzima ni mimi.

Mwanatabu binti Jaffar, anayetuongoza tukipiga vugo harusini, alisema adabu zetu zimewalaza usingizi, basi tukawaamshe.

Mnamo tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi, tulitoka wanawake thalathini na buibui zetu kwenda ofisini kwa karani, tukigonga pembe za vugo kwa vijiti na kuimba polepole. Wanaume wakatupisha, kama ilivyo ada. Askari wa mlangoni akatufungulia akitabasamu, akauliza bibi harusi yuko wapi. Tukazidi kuimba. Nilipita kama niliye ndotoni, hata miguu yangu sikuihisi. Mle ndani jua lilipenya dirishani, vumbi likielea, pembe zikalia mpaka karani akawa anafungua kinywa tu, hasikiki. Nilifurahi, wallahi, kuliko siku ya harusi yangu. Tukakaa chini, na kazi ikasimama.

Karani akamvuta Mwanatabu buibui, kichwa kikabaki wazi mbele ya wanaume. Ndipo Mwanatabu akavunja kioo cha dirisha kwa pembe.

Sajini Kioko ameniuliza kama nilimwona kwa macho yangu. Nilimwona, sisemi uongo. Ameniambia neno langu latosha kumfunga. Nami nikamwambia, "Bwana, neno la mwanamke mmoja lamfunga mtu, na la wanawake thalathini halimchagui mtu?" Ameendelea kuandika.

Pembe iliyo mezani, iliyovunja kioo, ni yangu, nilimwazima Mwanatabu mimi. Iandikwe hivyo.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nami nayakubali.

(Sahihi) Johari binti Mwinyihaji, kwa herufi za Kiarabu.

Nimeyaandika na kumsomea. Swali lake nimeliacha kama alivyoliuliza. Nimemruhusu kwenda nyumbani, hataki. Amekaa kwenye benchi la nje, anagonga ubao kwa vidole, polepole. Mshtakiwa anamjibu kutoka mahabusu.

Sajini Kioko