Miti Niliyokuachia Bila Salfa

Mahurunga, Oktoba 2007

Dada yangu Somoe,

Korosho zimeanza kuanguka. Jana mama alibangua za kula nyumbani, kajipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasimbabue. Wewe hukuwahi kupaka ya kutosha. Ulikuwa na haraka ya kula, kesho yake ukaenda shule vidole vinachunika.

Mimi niliishia darasa la saba. Wewe ulisoma hadi ukawa daktari wa kemia, kisha ukapata kazi ya utafiti Ulaya, ya mkataba. Kila likizo ulinieleza upya. Viwanda hutumia madini adimu kuharakisha kazi ya kemikali, na kuyachimba kunaharibu ardhi na maji ya watu. Ulitaka chuma cha kawaida kifanye kazi hiyo, kigeuze mafuta ya maganda ya korosho yawe rangi.

"Kumbe umesoma kote huko ili urudi kwenye maganda?" mama akakuuliza.

"Si ndiyo yaliyonisomesha, mama?"

"Zilizokusomesha ni korosho. Maganda nilitupa. Usinichezee."

Ulicheka hadi ukakaa chini.

Baadaye chuma chako kikagoma. Kwenye mafuta yetu kilifanya kazi kidogo, kikafa. Ulishuku salfa tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiri, ule ukungu mweupe unaokausha maua, ukaniomba niache miti michache bila kuipulizia msimu mmoja. Niliiacha ile ya nyuma ya nyumba. Majirani wakapita wakisema, "Saidi, dada yako yuko Ulaya, wewe umekosa hata salfa?" Miti ilizaa kidogo, lakini nilijaza magunia mawili ya maganda, nikayaweka ghalani.

Ulikuja kuyachukua. Uliniambia mkataba unakaribia kwisha, na jaribio hilo likishindikana hawatakuongezea muda. Kabla hujafunga mizigo homa ikakushika. Tukakuzika hapa.

Siku ya arobaini yako kuni zilikwisha pilau halijaiva. Wapishi wakaona magunia ghalani. Maganda ya korosho yanawaka sana, kila mtu hapa anajua, nao hawakuwa na wa kumuuliza. Nilipotoka kwenye kisomo nikakuta moshi wa maganda umetanda uani, watu wanafuta macho. Ningewaambia nini, na aliyeyahitaji ndiye tuliyekuwa tunamsomea?

Mwenzako wa maabara alituandikia pole. Alisema nafasi yako amepewa mtu mwingine, anafanya utafiti mwingine. Nilimjibu kwamba miti ninayo bado, naweza kuiacha tena. Hajajibu.

Mwaka huu nimeipulizia yote. Imezaa vizuri. Mama amefurahi, na mimi nikasema alhamdulillahi pamoja naye, lakini nyuma ya nyumba sipendi kupita.

Sijui kama salfa ndiyo iliyokuwa inakiua chuma chako. Sasa hakuna atakayejua.

Pumzika, dada. Huko uliko, nikumbuke.

Mdogo wako,
Saidi