Nani Atamwinua Mama

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, maana ya huku yote inaishia kwa Mama. Yeye hajambo: amekula, amenigombeza, amelala. Upande wake wa kulia bado haujarudi kazini tangu kiharusi.

Mwenye habari ni mimi. Ile ngiri imekua. Kila asubuhi nikishamtoa Mama kitandani na kumweka kwenye kiti, inabidi na mimi nitafute kiti. Daktari anasema nipasuliwe, kisha wiki sita nisinyanyue kitu kizito. Nikamuuliza kama mama ni kitu kizito. Akasema inategemea mama.

Naomba uje, dada, wiki hizo tu. Kibanda changu cha kutengeneza redio nitakifunga, hakina mteja wa kukililia.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Pole sana na ngiri. Nitakuja, lakini si sasa hivi.

Chuo kimenipa chumba kitupu, nami nimekigeuza kuwa chumba cha mafumbo. Tunawafungia humo wanafunzi wanne na mgonjwa wa plastiki anayezidiwa: mmoja wa udaktari, mmoja wa uuguzi, mmoja wa famasia, mmoja wa maabara. Kila mmoja anapewa kipande cha habari ambacho wenzake hawana. Wakiviunganisha wanapata namba za kufungulia kabati la dawa, na dawa ikipatikana mlango unafunguliwa. Wasipozungumza, mgonjwa anakufa.

Mpaka sasa anakufa kila siku. Wa udaktari anaamuru, wa uuguzi ananuna, wa famasia anangoja aulizwe, wa maabara anasoma ukuta. Pale mlangoni nimeweka kengele ya kuomba msaada, na ukiipiga hupunguziwi hata alama moja. Hakuna aliyewahi kuigusa.

Mkuu wa chuo atakuja kuutazama mchezo mwezi ujao. Ukimpendeza, utaingia kwenye masomo ya kila mwaka. Vumilia mpaka hapo. Mwombe jirani akusaidie kumwinua.

Dada yako

9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi tupo. Mpe pole huyo mgonjwa wa plastiki, ingawa yeye akifa mnamfuta vumbi na kumwanzisha upya.

Jirani alikuja. Ni mtu mwema, ila anamwinua Mama kama mfuko wa saruji. Mama akamwambia akirudia atamng'ata, na meno ya kazi hiyo bado anayo. Hajarudi.

Nilimsimulia Mama kuhusu chumba chako. Akataka kujua kwa nini watoto wa watu wanafungiwa. Nikamwambia ni ili wajifunze kusaidiana. Akafikiri, kisha akauliza, "Na wewe nani kakufungia?" Nikamwambia amalize chai.

Kuhusu kengele, wanafunzi wako nawaelewa. Kuipiga ni kazi. Na mtu akishaipiga, akajibiwa avumilie, mara ya pili mkono haunyanyuki.

Basi habari za ngiri sitakuandikia tena.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza kwa sababu simu yako inaita tu, na barua hakuna.

Mkuu wa chuo alikuja. Wanafunzi walikuwa wanaelekea kumuua mgonjwa kama kawaida, ndipo yule wa maabara, binti ambaye hatujawahi kumsikia akikohoa, akamkatiza wa udaktari: "Ngoja kwanza. Kuna mtu humu ana jambo ambalo hajaulizwa?" Wa famasia akasema analo. Mlango ukafunguliwa, watu wakapiga makofi.

Mkuu akaniuliza mchezo unafundisha nini hasa. Nikajibu kwamba unafundisha kumsikiliza mwenzako kabla hajanyamaza. Akalipenda jibu, akaliandika. Mimi nikaenda kuisoma tena barua yako.

Wanasema mchezo hauwezi kwenda bila mimi. Nimewaachia funguo. Huenda nikafika kabla ya barua hii.

Dada yako

3 Aprili

Mdogo wangu,

Namtuma jirani akuletee barua hii wodini, kwa kuwa siwezi kumwacha Mama peke yake. Ni yeye aliyenipokea mlangoni na kunieleza ulivyoanguka ukiwa umemshika Mama, na kwamba alikuta Mama amekaa sakafuni amekupakata kichwa, anaita watu kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kama bado anayo. Anasema mlipasuliwa mlango kwanza, wewe baadaye.

Sina la kujitetea. Unaendeleaje na kidonda?

Mama hataki nimwinue. Kazi hii naifundisha, lakini anasema mikono yangu ina haraka. Tangu jana yuko kitandani. Nifanyeje?

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kidonda kinavuta, ila mimi nipo. Hapa wodini daktari, muuguzi na wa famasia wanakuja mmoja mmoja na swali lilelile. Ni watu wazuri. Ningewafungia katika chumba kimoja.

Mama usimwanzie na mikono. Kaa kwanza kitandani, upande wake wa kushoto, ulalamike: bei ya sabuni, jirani, mimi. Akianza kukujibu mwili unalegea, na hapo ndipo umwinue, huku bado anaongea. Ukimwinua kimya anadhani anapelekwa hospitali, anakaza. Akishakaa mwachie mkono polepole. Atakwambia hujui kitu. Mkubalie.

Daktari anasema Ijumaa naweza kurudi nyumbani. Nimemwomba afikirie vizuri.

Mdogo wako