Kulabu Ishirini na Nne za Banjo Yako

Mpendwa Baba Mutheu,

Nimetoka soko la Kariokor sasa hivi, na sina nguvu hata ya kuvua viatu. Nimeketi kwenye kiti chako, banjo mapajani, na kuna jambo lazima nikuambie ingawa huwezi kunijibu. Hata ulipokuwa hai, miezi ile ya mwisho hukuweza.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani? Wewe fundi wa kuchonga, umezoea twiga na vifaru vya watalii, na mzungu mmoja wa bendi ya hoteli akakuletea banjo iliyovunjika shingo. Uliishughulikia wiki tatu. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, akakuachia. Mimi nilinuna. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Jericho tulikuwa tunapishana kwa ubavu, na sasa mgeni tena! Nikakuuliza, "Hii ngoma yenye mkia italala wapi?" Ulicheka hadi ukakohoa.

Kisha ukakishika kidole changu ukakipitisha shingoni mwake. Vipande vitano vya mbao vilivyounganishwa, na ukucha wangu haukupata mwanya hata mmoja. Ubao wa juu, wewe ulisema, ni mpingo; ulijua kwa kuunusa tu. Ndani yake mlipachikwa maua madogo ya kombe la baharini yanayometa. Mbele ngozi nyeupe ya ndama, imebanwa na kulabu ishirini na nne kuzunguka duara, kila moja na nati yake, na spana ya kuzikazia haizidi kidole.

"Mama Mutheu, mwenye kutengeneza hii kitu hakuwa na haraka," ukaniambia. "Na wewe usiishike ukiwa na haraka."

Ulinijua vizuri.

Nyuzi nne tu, na bado Jumapili baada ya kanisa majirani walikuja na stuli zao mlangoni petu kukusikiliza ukiipiga. Niliona wivu, nakiri leo. Mikono iliyonishika mimi kama gunia la makaa iliishika banjo kama yai.

Halafu kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Nilikulisha, nilikugeuza, nilimwomba Mungu mpaka nikakosa la kusema. Mvua za Aprili zilipoanza, ngozi ya banjo ikanyonya unyevu ikalegea, na wewe ukawa unaitazama pale ukutani kutwa nzima. Nikajiambia, anaitaka. Ikilia kidogo tu, labda mkono wa kushoto utaigusa, labda hata maneno yatarudi. Sikuwa na dawa nyingine.

Nikaketi kando ya kitanda, nikachukua spana, nikakaza kulabu moja, kisha ile inayoikabili, kama nilivyokuona ukifanya. Ukaanza kuguna. Mkono wako wa kushoto ukainuka ukawa unazunguka hewani, unazunguka, unazunguka. Nikakwambia, "Nimekuelewa, Baba Mutheu. Naongeza." Nikaongeza. Bado haikulia kama zamani, basi nikafanya kama babu yangu kule Ukambani ngoma ikilegea: nikaisogeza karibu na jiko ipate joto.

Ngozi ilikauka ikajivuta, na nilikuwa nimekwisha kuibana, haikuwa na pa kwenda. Ilipasuka kwa mlio mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Mkono wako ukaanguka kitandani. Nikakupangusa machozi, nikasema tutapata ngozi nyingine, nawe ukageuza uso ukutani. Tangu siku ile hukuinua mkono tena kuniomba kitu, hata maji. Uliishi miezi minne hivyo.

Juzi Mutheu wetu alileta ngozi ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, akaichagua mwenyewe, nyembamba isiyo na doa. Leo nikaipeleka pamoja na banjo kwa mzee mmoja fundi wa ngozi pale Kariokor, mtu wa maneno mengi. Aliketi akinikabili, kama ulivyonikabili siku ile. Akaifunga ngozi, akaanza kukaza. Akaona nimemkodolea macho.

"Mama, wacha uoga," akasema. "Nikizidisha, si narudisha tu? Kukaza ni hivi. Kulegeza ni hivi."

Akanionyesha kwa kidole hewani, bila spana. Kulegeza, kidole chake kilizunguka kuelekea kushoto kwake; kwangu mimi niliyemkabili kilionekana kinakwenda kulia, kama kinakaza.

Nikashika meza. Baba Mutheu, mkono wako ulizunguka vivyo hivyo. Nauona mpaka sasa. Ulikuwa unaniambia nilegeze, na mimi nikakujibu, "Nimekuelewa." Miaka ishirini ya ndoa, nikakujibu hivyo huku nikikaza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amekuja, na sijui nimweke wapi. Siwezi kuirudisha siku ile. Siwezi hata kukuuliza kama uligeuza uso kwa hasira au kwa kuchoka na mimi. Nimelia njia nzima, watu wakinipisha.

Mzee yule nilimwambia aache. Nimekuja nayo hapa kitini, na spana yako, nikazilegeza zote ishirini na nne kama ulivyoniomba, moja moja, bila haraka. Kumbe ni kazi ya dakika chache tu: chai niliyokuwa nimeteleka ilikuwa bado haijachemka.

Pumzika, mume wangu. Ukinisikia, nisamehe.

Ni mimi,
Mama Mutheu